Ratiba ya Leipzig, Dakika kwa Dakika

Jumatano, 9 Oktoba

Annegret Overkamp anataka cheo changu. Kasema mwenyewe leo, mbele ya watu, tufe mkononi.

Cheo chenyewe ni msimamizi wa safari katika klabu yetu ya kuangusha pini. Klabu ina watu watano. Nimekishika miaka kumi na mmoja. Kila vuli nachagua mji, nachagua treni na hoteli, natoa ratiba, watu wanafuata. Hakuna aliyewahi kupotea isipokuwa Bernd, mume wa Annegret, naye alipotea kwa hiari.

Malalamiko ya Annegret: eti safari zangu ni gwaride. Eti mwaka jana kule Bremen alipewa dakika tisa za kutazama kanisa kuu. Nimemjibu kwamba dakika tisa zilitosha, nililipima mwenyewe. Kasema, “Ludger, kazini ulikuwa mkaguzi wa mizani, tunajua. Lakini sisi si viazi.” Watu wakacheka. Mke wangu Mechthild naye kacheka, tena wa kwanza. Miaka thelathini na minane ya ndoa!

Klemens Wiesmann ni mwenyekiti wetu, mgane, mtu anayependa amani kuliko ukweli. Kaamua kwamba kura ipigwe jioni ya mwisho ya safari ijayo, tarehe 2 Novemba. Kasema safari itajitetea yenyewe.

Vizuri sana. Sijawahi kushindwa kura. Haijawahi kupigwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimepata mpango. Nimeupata kanisani, wakati wa matangazo. Ni mzuri mno hata nimeogopa kidogo.

Mji: Leipzig, mashariki kabisa, kwa Wasaksoni. Kuondoka Alhamisi tarehe 31 Oktoba, kurudi Jumapili. Safari mbili za kutwa kwa treni: Ijumaa Meissen, Jumamosi Dresden.

Sasa werevu wenyewe. Ijumaa tarehe mosi ni Sikukuu ya Watakatifu Wote. Siku hiyo watu wa kwetu Münsterland huwasha mishumaa makaburini, kisha nusu ya jimbo huvuka mpaka kwenda madukani Uholanzi. Wote wanaelekea magharibi. Sisi tutaelekea mashariki! Alhamisi ni siku ya kazi, kwa hiyo treni ziko tupu na maduka yako wazi. Annegret anafuma, na kuna duka la sufu Leipzig ambalo ametuchosha nalo miaka miwili. Nitamfikisha mlangoni saa kumi kamili jioni na kumpa dakika arobaini. Mtu aliyepewa dakika arobaini za sufu hawezi kukupigia kura ya chuki.

Ijumaa tutatumia tiketi ya kundi. Karatasi moja, watu watano, treni zote ndogo za jimbo kutwa nzima. Siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu asubuhi. Siku ya sikukuu inatumika tangu alfajiri. Na Ijumaa ni sikukuu! Basi tunapanda ya saa moja na dakika kumi na moja. Watalii wengine wakiwa bado na povu la mswaki mdomoni, sisi tuko juu ya ngome ya Meissen.

Nimehakikisha tarehe kwenye kalenda ya parokia jikoni. Tarehe 31: nyeusi, ya kazi. Tarehe 1: nyekundu, ya sikukuu. Hakuna zaidi.

Jumanne, 22 Oktoba

Kijitabu kimekamilika. Kurasa kumi na nne, kila ukurasa umefunikwa kwa plastiki, utepe wa kijani pembeni. Nakala tano. Hata mvua ya wiki nzima haikifanyi kitu. Kila treni ina saa yake, jukwaa lake, upande wa kukaa ili kuona mto, na muda wa msalani: dakika nne.

Mechthild kauliza kwa nini yeye apewe dakika nne na ngome ipewe sabini. Nimemweleza kwamba ngome ni kubwa zaidi. Karudi kumenya matofaa.

Nimepiga simu hotelini kuulizia kifungua kinywa. Mama wa mapokezi, kwa lafudhi yao ile ya kumung'unya, kasema Alhamisi wanachelewa kuandaa kwa sababu ya sikukuu, lakini Ijumaa ni siku ya kazi, chakula kipo tangu saa kumi na mbili na nusu. Maskini, kachanganya siku. Nikamsahihisha kwa upole: sikukuu ni Ijumaa, mama, tarehe mosi. Kisha kasema, “Haya, baba, kama unasema.”

Nadhani ni mgeni kazini.

Jumapili, 27 Oktoba

Usiku saa zilirudishwa nyuma. Nimepata saa nzima ya bure na nimeitumia kusahihisha ukurasa wa sita.

Mchana walikuja Annegret na Bernd, na keki ya boga. Bernd alikula. Annegret aligeuza kurasa za kijitabu changu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayekagua samaki. Kasema treni hizi zote zimo ndani ya simu yake, na simu yake haina utepe. Nikasema simu huisha chaji, plastiki haiishi chaji. Kageuza ukurasa mwingine.

Kisha kauliza, “Ludger, umeangalia kalenda ya kule?”

Nikamwambia kule ni Ujerumani pia. Kamtazama Bernd. Bernd kaitazama keki. “Basi,” kasema Annegret, “mimi nimeuliza.”

Naijua mbinu hii. Anataka nianze kujitilia shaka. Nilikagua mizani ya wachinjaji kwa miaka thelathini na mmoja. Wote walikuwa na swali la namna hiyo mdomoni na kidole gumba kwenye kisahani.

Na kwenye viti nimemweza. Treni ya kwenda Leipzig nimeweka nafasi tano: nne katika safu mbili za dirishani, zinazotazama mbele ya safari. Ya tano iko peke yake kando ya choo, inatazama nyuma. Hiyo nimeiandika jina la Annegret. Nitasema mashine ndiyo iliyopanga.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leipzig. Tumefika salama, kwa wakati. Hayo kwanza, maana yaliyofuata yanaweza kupotosha.

Viti. Nilisahau kwamba behewa lina ncha mbili na treni haijali ni ipi inayotangulia. Tulipoondoka Hannover, safu zangu za dirishani zikawa zinatazama nyuma, na kile kiti cha upweke kikatazama mbele. Isitoshe choo chake kilikuwa kimefungwa kwa matengenezo, kwa hiyo hapakuwa na harufu wala mpita njia. Annegret kakaa pale kama malkia, kafuma nusu ya soksi. Kanishukuru. Mimi safari za kurudi nyuma hunitia kichefuchefu. Nilishuka nikiwa na rangi ya utepe wa kijitabu.

Saa kumi kamili jioni niliwafikisha mbele ya duka la sufu. Kamili! Saa ya mnara wa kanisa ilikuwa ikigonga.

Duka limefungwa.

Nikatangaza kwamba mwenye duka lazima anaumwa. Duka la viatu jirani nalo limefungwa. La vitabu pia. Klemens kauliza kama mtaa mzima unaumwa, na je, si hatari kusimama hapa. Kengele zilikuwa zinalia kila upande, na hapakuwa na mtu barabarani isipokuwa mzee mmoja aliyevaa koti la Jumapili, na mbwa wake. Nikamuuliza. Kanitazama kuanzia viatu hadi kofia. Kasema, “Leo Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, bwana. Ulitaka nani akufungulie?”

Ukweli ni huu. Kila jimbo la nchi hii lina sikukuu zake. Sisi Wakatoliki tuna Watakatifu Wote tarehe mosi. Wao ni nchi ya Kilutheri, wana sikukuu yao tarehe 31. Jambo hili nililijifunza shuleni, nikalijibu vizuri kwenye mtihani, kisha likaniaga.

Nilikuwa nimeanza kueleza kwamba mji usio na wanunuzi ndio pekee unaoweza kuonekana vizuri. Annegret hakusikiliza. Hakupiga kelele wala hakukunja uso. Kazunguka nyuma ya jengo, kaingia uani, kabonyeza kengele. Mama mmoja wa makamo, miguuni ndara za manyoya, kafungua na kusema, “Ah, Mama Overkamp! Ingia, ingia, chai iko mezani.”

Annegret alikuwa amempigia simu wiki mbili zilizopita.

Dakika arobaini zikawa saa moja na nusu. Kwanza aliitwa Mechthild ndani. Kisha Bernd, kwa sababu kulikuwa na biskuti. Kisha Klemens, kwa sababu kulikuwa na baridi. Mimi nilibaki uani. Mtu lazima aangalie muda.

Wakati wa chakula Klemens kauliza: na kesho je? Nimefikiri kwa makini na jibu liko wazi. Leo wamefanya sikukuu yao. Kesho watafanya yetu. Yaani wana sikukuu mbili mfululizo. Watu wenye bahati! Annegret kafungua mdomo. Bernd kamwekea mkono begani. Kaufunga.

Hoja zimemwishia. Treni saa moja na dakika kumi na moja.

Ijumaa, 1 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa moja na dakika tano asubuhi: wote watano jukwaani. Ukungu. Hakuna aliyezungumza, jambo ninalolihesabu kuwa nidhamu.

Saa moja na dakika kumi na moja: treni imeondoka kwa wakati. Imejaa. Nimeshangaa kidogo watu wengi hivi kwenda makaburini mapema, na kwa nini wengi wamebeba mikoba ya kompyuta. Mkabala nami alikaa fundi, sanduku la vifaa magotini. Nikamwambia Mechthild kwa sauti ya chini kwamba huyu bila shaka anakwenda kurekebisha jiwe la kaburi la mama yake. Mechthild kavuta kofia hadi kwenye macho.

Saa moja na dakika ishirini na tisa: mkagua tiketi. Mama mfupi, miwani kwenye kamba. Nikampa tiketi ya kundi, nikamtakia heri ya Watakatifu Wote. Kaisoma. Kaangalia saa yake. Kasema tiketi hii inaanza saa tatu.

Nikamweleza kwamba siku za sikukuu inaanza alfajiri. Kasema ni kweli kabisa. Nikasema basi. Kasema basi nini? Nikasema leo ni sikukuu.

“Kwenu, baba,” kasema. “Hapa ni Ijumaa.”

Fundi kacheka mpaka sanduku likalia. Mwanamke mmoja nyuma kasema jana ndiyo walipumzika, leo wameamka saa kumi na moja alfajiri, na kama bwana yule anaweza kuwapatia sikukuu nyingine aendelee tu kubishana. Behewa zima lilikuwa upande wangu, kwa namna fulani.

Mkagua tiketi katupa chaguo: nauli kamili kwa kila mtu, au tushuke kituo kinachofuata na kupanda tena baada ya saa tatu. Alikuwa mwenye adabu, nami kama mkaguzi mstaafu siwezi kumlaumu. Annegret kasimama wa kwanza. Tukashuka.

Kituo kidogo. Hakimo katika kijitabu. Benchi moja, saa moja ya ukutani, mti mmoja mkubwa ukimwaga majani ya manjano juu yetu bila haraka. Nikatangaza kwamba kituo hiki kimo katika mpango wa akiba. Annegret kasema nimwonyeshe ukurasa. Nikasema umelowa.

“Una plastiki, Ludger,” kasema.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la mikate, limewashwa taa, wazi. Wazi kwa sababu ni siku ya kazi! Niliwakumbusha jambo hilo. Ndani kulikuwa na keki ya kwao ya matabaka matatu, jibini laini chini na mayai juu, bado ina joto. Bernd kakata kipande, kafumba macho, kasema, “Hapa tunakaa.” Sentensi yake ya kwanza tangu Hannover.

Hapo Klemens kauliza kama kuna kanisa karibu. Kila mwaka tarehe mosi huwa kaburini kwa Gertrud wake, asubuhi hii hii. Mwenye duka kasema kanisa limefungwa, si sikukuu. Kisha kaingia nyuma, karudi na mshumaa na kikombe cha kahawa kisicho na mkono, kauweka dirishani. Hakuuliza ni wa nani. Klemens kasimama pale, kofia mkononi. Dakika sita. Hazimo kwenye ratiba. Nilirudisha saa mfukoni.

Kisha tukasikia. Nyuma ya ukuta, mngurumo mrefu, halafu mpasuko. Sote watano tuligeuka kwa pamoja. Sauti ile naijua hata usingizini: tufe, kisha pini tisa.

Annegret kamuuliza mwenye duka. Kasema ni wastaafu wa reli, hucheza kila Ijumaa asubuhi ukumbini uani, na ni watu wakorofi. Annegret kaenda, kagonga. Kapteni wao ni bibi aitwaye Sieglinde Noack, miaka themanini na kitu, zamani alikuwa akiendesha ishara za treni. Kauliza tunatoka wapi. Kaambiwa. Kasema, “Münsterland? Na leo si mnaombea wafu huko?” Annegret kasema ndiyo, lakini msimamizi wetu wa safari katuleta kucheza. Sikuweza kujua kama alikuwa ananisifu. Nimeandika kuwa sifa.

Njia yao ya kutupia tufe si kama yetu. Yetu huanza nyembamba kama ulimi, ndipo inapanuka. Yao ni ya lami, pana tangu mwanzo. Nilieleza jambo hilo kabla ya mchezo, na baada ya mchezo, na katikati. Bibi Noack kasema, “Mjukuu wangu, njia haitupi tufe. Wewe ndiye unayelitupa.” Nina miaka sitini na saba.

Treni ya Meissen hupita kila saa. Kila mara nilisimama mlangoni na kutangaza dakika zilizosalia. Mara ya kwanza Mechthild kasema, “Moja tu, mzee wangu, natupa sasa hivi.” Mara ya tatu hakuna aliyegeuka. Mara ya nne mzee mmoja wa reli kanitangazia yeye, kwa sauti ya kituoni, kwamba treni ya Meissen haitaondoka leo kwa kukosa abiria wenye akili timamu. Wakacheka, wote, wa kwao na wa kwetu. Zilipita treni sita. Zote kwa wakati.

Tumeshindwa kwa pini thelathini na moja. Klemens kaangusha tisa kwa mkupuo mmoja, karuka. Mtu wa miaka sabini na minne, nyonga ya chuma, karuka! Kalia kidogo pia, au alikuwa na jasho.

Tumerudi Leipzig machweo. Meissen hatukuiona. Hakuna aliyeitaja.

Tathmini: siku bora kuliko zote katika miaka kumi na mmoja. Kila mtu kasema hivyo. Na nani aliwafikisha pale? Ushindi wa kesho umekwisha kupatikana.

Jumamosi, 2 Novemba

Jumamosi tiketi ya kundi inatumika tangu alfajiri. Nimemuuliza mama wa mapokezi mara mbili. Kasema ndiyo mara mbili.

Saa moja na dakika tano: jukwaani, peke yangu. Mechthild alikuwa amesema anakuja nyuma yangu. Kumbe alikuwa amesema hivyo akiwa amelala.

Nikaondoka. Ratiba ni ratiba. Dresden nimeimaliza yote, kurasa za tisa hadi kumi na moja, kila mstari nimeutia alama. Daraja, dakika kumi na mbili. Kanisa lenye kuba, kumi na tano. Matuta ya mtoni, majani mekundu, mvuke juu ya maji, ishirini, ingawa nilimaliza kwa kumi na nne na ikabidi nisubiri. Nilikaa upande wa kuona mto, kushoto, kama nilivyoandika. Hakuna aliyechelewa. Hakuna aliyeuliza choo. Safari isiyo na dosari hata moja, ya kwanza maishani mwangu. Kasoro tu kwamba hapakuwa na wa kumwonyesha mto.

Mkagua tiketi alikuwa mama yule yule. Kaiona tiketi ya watu watano, kanitazama, katazama viti vinne vitupu. Kaitoboa. Kasema, “Leo uko sahihi kabisa, baba.” Nimeyaandika maneno hayo hapa kwa sababu ni ushahidi.

Wenzangu nimewakuta hotelini saa tisa. Waliamka saa nne. Walitembea bustanini kwenye majani, wakala, wakakaa. Nimeuliza waliona nini. Bernd kafikiri. Kasema, “Bata.”

Kura saa kumi na mbili jioni, kwenye baa ya pembeni. Tumetumia vile vikadi vya duara vya kuwekea glasi za bia. Kabla ya kupiga kura nimeomba kusema neno. Nikasema ya jana. Nikasema kiongozi hapimwi kwa mahali alipotaka kufika, bali kwa mahali alipowafikisha watu. Nani aliwashusha kwenye kituo kile?

Annegret kasema aliyetushusha ni mkagua tiketi, tumpigie yeye? Klemens kasema yeye yuko tayari.

Kisha Annegret kaomba kusema lake. Kasema kwa ufupi. Kasema tuko watano, zamani tulikuwa tisa. Kasema hajui zimebaki vuli ngapi za kwenda mahali pamoja, na angependa zilizobaki azione bila kutazama saa. Kakaa.

Matokeo: Annegret Overkamp, vikadi vinne. Ludger Terhorst, kimoja.

Mkaguzi hawezi kuacha kukagua. Nimevipitia vikadi. Kile kimoja mwandiko ni wangu. Katika vile vinne, kimojawapo kina herufi A yenye mkia mrefu, na mkia ule naujua, upo kwenye kila orodha ya sokoni tangu mwaka wa themanini na sita.

Nimemuuliza Mechthild tulipokuwa tunapanda ngazi. Hakukana. Kasema miaka kumi na mmoja amekaa dirishani na mume wake amesimama mlangoni akihesabu dakika. Kasema, “Ile kura nimekupigia wewe, Ludger. Nimekupigia ukae.”

Nimekaa. Kitandani, nikiwa na kijitabu. Sijui ameelewa nini kuhusu kazi ya msimamizi.

Jumapili, 3 Novemba

Treni ya kurudi. Tumepanda ya saa nne na kitu. “Na kitu”! Ndivyo Annegret alivyosema. Hata hivyo imeondoka kwa wakati, kwa bahati.

Mechthild kanivuta nikae karibu naye dirishani. Nimekaa. Kaniwekea kichwa begani tangu Magdeburg. Nimeona mashamba, ukungu, korongo wengi sana wakielekea kusini. Nakiri kwamba mambo haya hayaonekani vizuri kutoka mlangoni. Nilisikia amani fulani kifuani. Ilichukua kama dakika kumi na moja.

Kisha Annegret kapita kwenye viti vyetu, kasema klabu haina makamu wa msimamizi wa safari, na yeye anapendekeza mimi. Klemens kainua mkono. Bernd kainua mkono wenye mkate. Limepita kwa kura zote. Mechthild kauliza taratibu kama makamu ana kazi yoyote. Annegret kasema hapana, hana hata moja, ndiyo uzuri wake.

Hajui kanuni za klabu. Mimi ndiye niliyeziandika. Kifungu cha saba: msimamizi akiugua, makamu hushika madaraka yote, papo hapo, pamoja na ratiba.

Makamu! Siku ya kwanza baada ya kushindwa, tayari nimo serikalini. Huyu mama ananihofia kuliko nilivyodhani.

Annegret ana miaka sabini na mmoja na hajawahi kuugua tangu nimfahamu. Lakini kabla ya kufika Hannover kapiga chafya mara mbili. Nimeandika saa.

Ratiba ya mwaka kesho nimeshaianza. Kuondoka alfajiri.